Neno "Hadi" na Intaneti ya Nyumbani



Mwalimu wa madrasa aliyekuwa akiwafundisha watoto wetu hapa Kayanga alihamia Tanga mwaka juzi kumhudumia mama yake mzazi. Masomo hayakukatika, yalihamia kwenye simu. Kila Jumanne na Alhamisi baada ya Isha, watoto wanne huketi mkekani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye birika, mmoja baada ya mwingine akisoma huku mwalimu akisikiliza na kusahihisha. Ndivyo tulivyokusudia. Kinachotokea ni kwamba mtoto amekwisha kuivuka aya ndipo sauti inapofika kutoka Tanga: "Rudia hapo." Hapo wapi? Mtoto hurudia mahali alipopatia, na kosa hubaki lilipo. Mwezi uliopita binti yetu mdogo aliambiwa aitamke vizuri herufi ya dhwad katika neno lisilokuwa na dhwad. Alijaribu mara tatu, akainamisha kichwa, akalia.

Huduma hiyo tunailipia kila mwezi, tena kabla ya kuitumia. Tangazo lake linasema kasi yake ni "hadi megabiti 20 kwa sekunde". Leo tunataka tulitazame neno hilo "hadi", kwa kuwa familia nyingi za Karagwe na Kyerwa zimelinunua pasi na kujua kuwa ndilo lililouzwa.

Kwanza vipimo vyenyewe. Kasi hupimwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa sauti au picha tunazopokea hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Darsa iliyorekodiwa yenye megabaiti 60 ni sawa na megabiti 480. Kwa kasi ya 20, darsa hiyo hushuka kwa sekunde 24. Kwa kasi ya 2 huchukua dakika nne. Ikiwa kasi ni nusu megabiti, ni dakika 16, endapo haitakatika katikati. Kasi zote tatu zimo ndani ya neno "hadi", na muuzaji hajasema uongo.

Wakulima wenzetu wanaijua biashara ya namna hii kwa jina la butura. Mnunuzi humwendea mkulima wa kahawa aliyebanwa na ada ya shule au gharama za hospitali, akampa fedha kidogo ilhali kahawa ingali maua mtini. Msimu ukifika, gunia linakwenda kwa aliyelipa mapema, na mkulima anabaki kuhesabu alichopoteza. Serikali imeipiga marufuku butura. Wanazuoni nao wametuhadharisha siku zote juu ya kuuza matunda kabla ukomavu wake haujaonekana, kwa sababu ya gharar, yaani kutojulikana kwa kile kinachouzwa. Katika kifurushi cha intaneti mambo yamegeuka: tunaolipa mapema ndio tunaopunjika, maana hatujui mti utazaa nini. Hatutoi fatwa hapa. Hiyo ni kazi ya wenye elimu. Tunasema tu kwamba watu wanaoikataa butura shambani wasione haya kuuliza wanachouziwa sebuleni.

Hata hivyo uadilifu unatutaka tueleze upande wa pili. Nchi yetu hii ni ya milima mirefu iliyojipanga kama matuta, na mabonde yake yamejaa migomba. Mnara husimamishwa juu ya mlima. Nyumba iliyo ng'ambo ya kilele, hata ikiwa karibu kuliko nyingine, hupata mawimbi hafifu au haipati kabisa. Paa la mabati na ukuta mnene huyapunguza zaidi. Kisha mnara mmoja hugawiwa wote wanaoutumia kwa wakati ule ule, kama bomba moja la maji mtaani: alfajiri unajaza ndoo upesi, jioni unapanga foleni. Umeme ukikatika, mnara hutegemea betri au jenereta, na vikiisha, unanyamaza. Kutoka mnarani, safari ni ndefu mno hadi Dar es Salaam, sehemu kubwa ikipitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kusimamiwa na TTCL. Zaidi ya hapo kuna bahari. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku ile hapakuwa na fundi wa Kayanga ambaye angeweza kutusaidia.

Kwa hiyo si kila kukwama ni dhuluma. Lakini asiyepima hawezi kutofautisha, na sisi tulikuwa hatupimi, tulikuwa tunalalamika. Tulimpa kijana wetu wa kidato cha pili daftari. Kwa wiki mbili alipima kasi mara tatu kwa siku: baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri na baada ya Isha. Aliandika tarehe, saa, tarakimu aliyoiona, na kama umeme ulikuwepo au la. Alfajiri tulikuwa tukipata kasi iliyokaribia ile ya tangazo. Adhuhuri, nusu yake. Baada ya Isha haikufika hata sehemu ya kumi, na mvua ilipokuwa ikinyesha palikuwa na usiku ambao aliandika sifuri. Daftari lile lilitufunza zaidi ya ugomvi wa mwaka mzima. Lilitufunza pia kwamba rauta yetu tuliiweka vibaya, nyuma ya kabati la vyombo, upande usiotazama mnara. Tulipoihamishia dirishani, hali ya jioni ilipanda kidogo. Si sana.

Kuna jambo ambalo daftari halikulipima, nalo ndilo zito. Kasi ndogo hukera; kutopatikana huumiza. Mzee mmoja wa ukoo wetu alifariki Bukoba usiku wa manane. Habari iliandikwa katika kundi la familia kwenye WhatsApp, na kila mmoja akadhani kila mmoja ameiona. Mwanawe wa kiume, anayeishi bondeni nyuma ya Nkwenda wilayani Kyerwa, simu yake haikupata intaneti hadi siku ya pili mchana. Ujumbe ulikaa na tiki moja. Sisi tulioitazama ile tiki tulisema moyoni, atakuwa amelala, ataona asubuhi. Maiti haiwekwi kumngojea mtu, na ndivyo tulivyofundishwa. Mzee alisaliwa na kuzikwa kabla ya Adhuhuri. Mwanawe aliipata rehema ya kumwombea baba yake akiwa kaburini, hakuipata ya kumbeba. Hakumlaumu mtu. Alituuliza swali moja tu: "Hakuna aliyefikiria kunipigia simu ya kawaida?"

Hakuna aliyefikiria. Simu ya kawaida na ujumbe mfupi hupita kwa mawimbi hafifu ambayo intaneti haiwezi kupita, na palipokuwa hapana hata hayo, palikuwa na bodaboda pale Nkwenda na nambari ya imamu wa msikiti wa karibu naye. Tangu siku ile familia yetu ina karatasi iliyobandikwa ukutani yenye majina ya wanaoishi mahali ambapo mtandao hautegemeki, na mbele ya kila jina yupo jirani wa kupigiwa na msikiti wa kuarifiwa. (Zamani za misafara, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo hapa Karagwe, pale Kafuro, Stanley alimkuta huko Ahmed bin Ibrahim mwaka 1876. Watu wale walikuwa mbali na pwani kwa safari ya miezi, na walijua kuwa habari zitachelewa. Sisi tumesahau kwamba zinaweza kuchelewa.)

Kyerwa ina taabu nyingine ambayo Kayanga hatuijui sana. Katika vijiji vinavyotazama Rwanda ng'ambo ya Mto Kagera, simu hunasa mnara wa jirani wenye mawimbi yenye nguvu zaidi. Salio huweza kuisha kwa gharama za mgeni, na kifurushi cha nyumbani kikalala bila kazi. Ajabu zaidi ni saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyoachiwa ijipangie saa yenyewe hufuata mnara ilioushika. Ndugu zetu wa huko walitusimulia usiku mmoja wa Ramadhani: mama aliweka kengele ya simu imwamshe saa kumi na dakika 45 apike daku, usiku simu ikahamia ng'ambo, ilipolia, na uso wake ukionyesha saa kumi na dakika 45, adhana ya Alfajiri ilikuwa imekwisha. Watoto walifunga na maji waliyokunywa jioni. Dawa yake ni rahisi kwa anayeijua: katika mipangilio ya simu, zima upangaji wa saa wa kujiendesha, na mahali pa kuchagua mtandao chagua wako mwenyewe badala ya kuiachia simu. Wazazi wa mpakani, fanyeni hivyo kwenye simu ya bibi na babu pia, msiwangoje waulize.

Ama kuhusu haki zetu, njia iko wazi. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, nawe ukadai nambari ya kumbukumbu. Usiporidhika, unayapeleka TCRA. Mahali ambapo hakuna mnara kabisa kwa sababu kampuni hazioni faida, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao hutoa ruzuku ili minara ijengwe. Serikali ya kijiji na diwani wanaweza kuandika barua, na kamati ya msikiti nayo inaweza kuwasukuma waiandike. Barua yenye daftari la vipimo lililoambatishwa ina uzito kuliko barua yenye hasira. Na tunadhani ni haki kuomba kampuni zitangaze, pamoja na "hadi", kiasi ambacho mteja hatakikosa jioni. Muuza mafuta ya taa hakwambii chupa ina "hadi" lita moja.

Nasi tumeyafanya hayo kwa upande wetu. Nakala ya daftari tuliipeleka kwenye ofisi ya kampuni inayotuhudumia, tukapewa nambari ya kumbukumbu na ahadi ya kupigiwa. Hadi tunaandika haya hatujapigiwa, na wiki ijayo barua itakwenda TCRA. Mwalimu naye tulimweleza tulichokiona katika vipimo vya alfajiri. Akacheka, akasema kwamba hata zamani watoto walikuwa wakisoma baada ya Alfajiri, sisi ndio tuliozoea kulala. Sasa darsa ni Jumamosi na Jumapili, mara tu baada ya swala. Jumamosi iliyopita binti yetu mdogo alisoma ukurasa mzima. Alikosea mara mbili, na mara zote mbili alisimamishwa penye kosa.