Moto Hauiui Sumukuvu

Wazazi wenzangu, imo jikoni mwetu imani moja ambayo naomba tuiache: kwamba kila kilichochemka ni salama. Imani hiyo ina asili njema. Tuliambiwa tuchemshe maji, tuchemshe maziwa, nyama iive mpaka ndani, na wanaofanya hivyo wamejiepusha na maradhi mengi ya tumbo. Lakini mahindi yaliyoota ukungu hayamo katika hesabu hiyo. Ukungu wenyewe hufa chunguni. Sumu uliyoiacha ndani ya punje haifi, kwa kuwa haina uhai wa kufa. Huvumilia joto linalopita nyuzi 200 za Selsiasi, na maji ya ugali hayavuki 100. Songa mpaka mwiko uvunjike, utapakua sumu iliyoiva.

Sumu hiyo ndiyo sumukuvu, yaani sumu ya kuvu, ndiye ukungu huo. Wataalamu waliitambua baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Huku kwetu haikuishia kwa ndege. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, iliugulisha watu 317, na 125 wakazikwa. Mahindi yao yalivunwa katika mvua zisizo za msimu, yakawekwa ndani ya nyumba yangali na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, nako wakafa watu wapatao 20. Macho yaliwageuka manjano, matumbo yakawauma na kujaa.

Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Wengi wetu tunakula kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, wala hatuoni kitu. Ini ndilo linaloumia. Sumukuvu husababisha saratani ya ini, na kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B hatari hiyo huongezeka maradufu na zaidi.

Sasa niulize jambo linaloniudhi. Tukichambua mahindi, yale mabovu huenda wapi? Mazuri tunayauza, kwa sababu mnunuzi ana macho. Yaliyobunguliwa na dumuzi, yenye rangi ya kijani au kijivu, yaliyosinyaa, hayatupwi: ni ya kuku, ni ya ng'ombe, ni ya pombe. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa hayo anapewa mtoto. Pombe nayo haisafishi kitu. Tunaipeleka sumu mlango wa nyuma, nayo inarudi kwa mlango wa mbele ikiwa kikombeni.

Na mtoto ndiye ninayemwandikia hasa. Akifika miezi sita tunamwanzishia uji, na siku hizi uji hauheshimiwi mpaka uwe wa unga wa lishe wenye nafaka saba, nane, kumi: mahindi, ulezi, mchele, soya, ngano, karanga, na kila mwenye shoga ana cha kuongeza. Nia ni njema, lakini karanga na mahindi ndivyo vyakula viwili vinavyopendwa zaidi na kuvu huyu, na vikishasagwa hakuna jicho litakaloona punje mbovu. Mtoto wa kilo saba anakunywa uji huo asubuhi, mchana na jioni, wala hana vyakula vingine vingi vya kupunguza makali. Watafiti wameihusisha sumu hii na watoto kudumaa. Mama, saga ulezi, au ulezi na mchele, ambavyo kwa kawaida huwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi na karanga. Karanga ukizitaka, nunua nzima, zichambue moja moja mchana kweupe, kisha uzisage mwenyewe. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye uchungu mdomoni, tupa. Karanga za kusagwa zinazouzwa kwa bei ya chini kuliko karanga nzima zinanitia shaka: mtu asage karanga nzuri, kisha auze kwa hasara?

Najua nitaulizwa habari ya dona, maana tumeisifu sana. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini, na kukoboa huipunguza. Dona ya mahindi mazuri ni chakula bora. Dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe yake. Basi ubora uanze ghalani, mashine haina lawama. Na pumba za mahindi mabovu zisiende kwa ng'ombe, tusije tukarudi kule kule.

Ghalani kazi ni moja: unyevu. Mahindi yasikauke juu ya udongo mtupu, yaanikwe juu ya turubai au mkeka, na wingu likikusanyika yafunikwe. Yasipukuchuliwe kwa kupigwa ovyo, maana punje iliyopasuka ni mlango wazi kwa kuvu. Karanga zisiloweshwe maji ili zibanduke kirahisi. Vidole vitapumzika, lakini kuvu atashukuru. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko ya tabaka tatu, isiyopitisha hewa, huwanyima dumuzi pumzi bila dawa, mradi mahindi yaingie makavu. Na ukavu hupimwa hivi: tia chumvi iliyokaushwa vizuri ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza punje, tikisa, uache kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Atakuja mwenye kusema: wewe unatutupisha chakula, na njaa je? Hoja hiyo siidharau, maana aliye na madebe mawili hawezi kutupa nusu debe kwa moyo mweupe. Ndiyo maana nimekaa zaidi kwenye kukausha kuliko kwenye kutupa. Tena, mabovu yakichambuliwa mapema huwa ni viganja vichache. Yakiachwa ndani ya gunia lenye unyevu, kuvu hulila gunia zima. Hayo mabovu yaliyochambuliwa yafukiwe, kuku wasiyafikie. Na gharama ya turubai isimwangukie mtu mmoja. Vikundi vyetu vinavyochanga fedha za sufuria na viti vya harusi vinaweza kuchanga za turubai mbili tatu kabla ya mavuno, zikazunguka nyumba hadi nyumba kwa zamu, kwa kuanzia na yule ambaye shamba lake limetangulia kukauka.