Tusingoje likizo kuwasikiliza wazee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe ya moyoni. Rafiki yangu mzee, jirani wa shule ninayofundisha, amefariki ghafla. Jioni tuliagana akiwa mzima. Alfajiri nikaitwa msibani.

Mzee huyu alijulia kusoma ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipotangazwa redioni, yeye ndiye aliyewasomea wenzake kitabu, kisha wakachimba vyoo. Alikuwa tayari kuwasimulia wanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyemwambia tungoje likizo ipite. Daftari nililonunua li tupu.

Walimu wenzangu, waiteni wazee darasani wiki hii hii.

Mungu ailaze roho yake mahali pema. Amin.

Mwalimu wa Kijijini