Usimlaumu mama fua, sakafu ya mbao ni jukumu lako

Kuna Jumatatu moja nilimkata mama fua mia mbili, na nikikumbuka bado naona aibu.

Nilikuwa nimehamia chumba cha juu katika nyumba ya zamani Buruburu. Agenti alipofungua mlango, kitu cha kwanza nilichoona ni sakafu: vipande vidogo vya mbao ngumu, vimepangwa kwa mistari kama mkeka uliosukwa. Mbao halisi, si picha ya mbao. Nilipiga picha nikaweka kwa status, wasee wakanipongeza kwa keja kali.

Jumamosi iliyofuata nikamwita mama fua. Nilimpa ndoo mbili za maji, sabuni ya unga na jiki, kisha nikatoka kwenda kutazama mechi. Niliporudi chumba kilikuwa kinanukia usafi. Kufikia Jumatatu, vipande sita karibu na mlango vilikuwa vimevimba na kuinuka, ukikanyaga vinalia ko, ko, ko. Nikampigia simu. Nilikuwa sijamlipa pesa yake yote, nikamwambia nakata mia mbili kwa sababu ameniharibia nyumba. Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, mwanangu. Lakini maji ulinipa wewe."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana naandika haya. Ikiwa unaishi kwenye sakafu ya mbao, au unaota kuishi kwenye moja, kazi ya kuijua ni yako. Si ya mama fua, si ya keateka, si ya fundi. Wewe ndiwe unayeingia na viatu, wewe ndiwe unayenunua sabuni, na siku ya kuhama dipoziti inayokatwa ni yako.

Najua kosa letu linatoka wapi. Wengi wetu Eastlands tulikulia kwenye sakafu ya simiti, ile nyekundu. Jumamosi viti vinatolewa nje, maji yanamwagwa, mathe anasugua kwa brashi mpaka povu linafika barazani, kisha polishi inapakwa. Simiti inavumilia maji. Kwa hivyo tukipata sakafu ya mbao tunaifanyia yaleyale, na tunaona kadiri maji yanavyokuwa mengi ndivyo usafi unavyozidi. Mbao haiko hivyo. Hata ikishakatwa na kupigwa randa, inaendelea kunyonya unyevu na kuvimba, kisha inakauka na kunywea. Ukiimwagia maji, yanapenya kwenye viungo, kipande kinatanuka, kinakosa pa kwenda, kinainuka.

Hata hewa tu inatosha. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei mbao hujaa. Jua la Januari na Februari likipiga, hunywea na utaona nyufa nyembamba kati ya vipande. Usikimbilie kuzijaza. Mara nyingi mvua ikirudi, nyufa hizo hujifunga zenyewe.

Basi deki ya mbao inapigwaje? Anza na vumbi, kwa sababu adui wa pili baada ya maji ni mchanga. Ule mchanga unaoletwa na viatu kutoka barabarani unafanya kazi kama msasa: kila hatua inakwangua vanishi. Viatu vibaki mlangoni. Weka kipande cha zulia nje na kingine ndani. Fagia kila siku kwa ufagio laini. Kisha, mara moja kwa wiki, chukua kitambaa, kichovye kwenye maji yenye sabuni kidogo isiyo kali, na ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone. Panguza kwa kufuata urefu wa mbao, halafu pitisha kitambaa kikavu. Jiki weka chooni, maana hapa inababua rangi ya mbao. Siki na ndimu unazoona watu wakisifu mtandaoni ni asidi, na zikitumika mara kwa mara zinafubaza vanishi.

Na tusisahau kwamba maji yenyewe kwetu ni ya mgao. Nani ana mtungi wa lita 20 wa kumwaga sakafuni? Kitambaa kilichokamuliwa hakihitaji hata lita tano.

Jambo la pili: jua sakafu yako imepakwa nini. Dondosha tone la maji mahali pasipoonekana, chini ya kitanda kwa mfano. Likibaki juu kama shanga, kinga bado ipo. Likizama na kuacha doa jeusi, kinga imeisha na ni wakati wa kumwita fundi. Kama sakafu ina vanishi, usiipake polishi ya nta ile ya simiti. Itang'aa wiki moja, kisha itateleza na kushika uchafu, na siku fundi akitaka kupaka vanishi mpya haitashika mpaka nta yote itolewe. Nta ni ya sakafu iliyozoea nta.

Sasa nasikia mtu akisema: haya yote ya nini? Si nitandike tu mkeka wa mbao nimalizane na mambo?

Sina chuki na mkeka wa mbao. Ni plastiki iliyochapishwa picha ya mbao, bei yake inafikika, na kwenye simiti iliyochimbika unasaidia sana. Lakini tusidanganyane. Ukiutandika juu ya sakafu ya chini inayovuta unyevu, maji yanakwama kati yake na sakafu. Baada ya muda unasikia harufu, ukiinua pembe unakuta ukungu. Na ukiugundisha kwa gundi juu ya mbao halisi, umeizika mali ya mwenye nyumba na umejitafutia kesi.

Tena mkeka ukichanika, umechanika. Mbao ngumu nzima, kama mvule au mahogani, ikichakaa inapigwa msasa juu, inapakwa vanishi, inaanza upya. Hilo linaweza kufanywa zaidi ya mara moja katika maisha ya sakafu. Ndiyo maana nyumba ya tangu miaka ya 1970 inaweza kuwa na sakafu iliyowazidi umri wapangaji wake wote na bado ikapendeza.

Kama vipande vyako vimeshainuka kama vyangu, usivipige nyundo. Fungua madirisha, acha vikauke kwa siku kadhaa. Vinavyotoka, viandike namba kwa chaki ili kila kimoja kirudi mahali pake, kisha fundi akwangue gundi ya zamani na kuweka mpya. Na ukihamia nyumba yenye mbao, piga picha ya kila kona siku ya kwanza, umtumie agenti kwa simu. Picha za status hazitoshi, mimi nilipiga kona moja tu iliyopendeza.

Lakini ushauri wangu mkubwa zaidi si wa mbao. Eastlands yote, kina mama huamka alfajiri kwenda kutafuta kazi ya kufua na kudeki. Wapo wanaoketi kando ya barabara Eastleigh wakingoja kuitwa. Hawana mkataba wala pa kulalamika. Ukimkata mia mbili, umemkata unga na mboga ya jioni. Kabla ya kumkabidhi ndoo, dakika mbili tu: "Mama, hii ni mbao, tunapanguza na kitambaa kilichokamuliwa." Ukishindwa kusema hayo kwa sababu nawe hujui, basi hasara ikitokea ibebe wewe. Na ndugu zangu vijana wa kiume, kuosha mahali unapolala si kazi ya kike. Chumba cha futi kumi kwa kumi unakipanguza kabla chai haijachemka.

Fundi alirudisha vipande vyangu kwa pesa nyingi kuliko hiyo mia mbili. Wiki tatu baadaye nilimtafuta mama fua, nikamrudishia hela yake na kumwomba msamaha. Aliikunja, akaifunga kwenye leso, akaniuliza, "Zile mbao zimelala?"

Nikamwambia zimelala. Siku hizi akija ananifulia nguo. Sakafu napanguza mwenyewe.