Safari ya Siku Mbili Isikose Usiku wa Kulala

Katika Mtaa wa Msimbazi na mitaa inayouzunguka pale Kariakoo, safari ndefu ni sehemu ya kazi. Mfanyabiashara wa Kahama hupanda basi mchana, hushuka Dar es Salaam alfajiri, hushinda akizunguka madukani kwa miguu, hufunga mzigo alasiri, na jioni hiyohiyo yumo barabarani tena. Mausiku mawili yamepita na mgongo wake haujagusa kitanda. Mwezi Desemba zamu huwageukia wakazi wa jiji wenyewe: familia za Ilala na Kariakoo huelekea Mwanza, Bukoba, Kigoma na Musoma, wengine kwa basi, wengine katika gari dogo lenye dereva mmoja. Kati yao wamo mama mwenye kisukari, babu mwenye shinikizo la damu, mtoto mwenye selimundu, na mgonjwa aliyeruhusiwa hospitalini wiki iliyopita.

Hoja ya makala haya ni moja. Safari ya barabarani inayozidi kilomita 1,000 ipangwe kwa siku mbili zenye usiku wa kulala katikati yake, na kwa mwenye ugonjwa wa kudumu mpango huo ujadiliwe kliniki kama sehemu ya matibabu yake.

Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa limeamuliwa na Serikali. Mabasi ya masafa marefu hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, hivyo abiria wa Kanda ya Ziwa alilazimika kulala njiani. Wengi walilalamika kwamba muda na fedha vinapotea, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Mwaka 2023 zuio hilo liliondolewa, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ikaanza kutoa ratiba za usiku. Biashara ilipata nafuu ya kweli. Hata hivyo, pamoja na zuio tuliondoa pia kitu ambacho hatukukihesabu: usingizi wa lazima. Kilicholindwa na amri sasa kinategemea busara ya msafiri na ushauri wa anayemtibu.

Tuanze na dereva, kwa kuwa afya ya wote waliomo garini imo mikononi mwake. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni takribani kilomita 1,150. Ukihesabu maeneo ya makazi yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, malori, mizani na foleni za Kimara na Kibaha, wastani wa kilomita 60 kwa saa ni makadirio ya haki. Hiyo ni safari ya saa 19. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya mikono na macho kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Kwa maneno mengine, dereva anayekwenda Mwanza bila kulala huingia Shinyanga akiwa kama mlevi, ingawa hajaonja tone. Saa ya mwili nayo humsaliti: usingizi huwa mzito zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kisha hurudi tena mchana baada ya chakula. Vinywaji vya kuongeza nguvu huficha uchovu kwa muda. Havilipi deni la usingizi. Baadhi ya dawa za mafua, mzio na kichefuchefu husinziza pia, na nyingi hununuliwa dukani bila neno lolote la tahadhari. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria vifo milioni 1.19 vya ajali za barabarani kila mwaka, na ajali hizo ndizo sababu kuu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Abiria naye hukaa, na kukaa sana kuna gharama yake. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2007 ulibaini kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza takribani mara mbili hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, iwe kwa ndege, basi, treni au gari. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo. Kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mgonjwa wa saratani au aliyewahi kuganda damu, hatari ni kubwa zaidi, na pande hilo la damu likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Kinga yake si ghali: kukanyagakanyaga kwa vifundo vya miguu ukiwa kitini, kutembea gari linaposimama, na kunywa maji.

Hapo kwenye maji ndipo penye tatizo ambalo wahudumu wa afya hatulizungumzi. Abiria wa Tanzania huita kusimama kwa haja njiani “kuchimba dawa”. Jina ni la utani, lakini limebeba ukweli mchungu, kwa sababu abiria wengi huogopa kuchimba dawa kiasi cha kuacha dawa. Mwanamke mtu mzima hataki kujificha nyuma ya kichaka mbele ya basi zima, hivyo hanywi maji tangu usiku wa kuamkia safari. Mgonjwa wa shinikizo la damu au wa moyo huiruka dawa ya kupunguza maji mwilini ili asimsumbue kondakta. Mtoto mwenye selimundu hunyimwa maji kwa nia njema, kisha hukalishwa chini ya kiyoyozi cha basi la usiku bila blanketi. Ukavu na baridi ni vichochezi viwili vinavyofahamika vya maumivu makali ya ugonjwa huo. Mwenye kifafa hukesha, ilhali kukosa usingizi huamsha degedege. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepuuza ushauri wa daktari. Hakuna aliyewauliza kama watasafiri.

Mpango mzuri uweje? Kwa barabara ya Mwanza, kazi ya kwanza ni kutoka mjini. Anayeanzia Kariakoo atoke saa kumi na moja alfajiri. Wakati wa masika akumbuke kwamba Barabara ya Morogoro pale Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, hufurika na kufungwa. Mwenye mgonjwa ni afadhali alale upande wa Mbezi usiku wa kuamkia safari, karibu na Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Kisha ni Chalinze, Morogoro, Gairo na Dodoma, takribani kilomita 450, na kupumzika kila baada ya saa mbili. Dodoma nakuita kituo cha kuamua. Ukifika hapo mchana, dereva akiwa mzima, miguu ya abiria haijavimba na sukari ya mgonjwa iko sawa, endelea kwa saa nne hivi hadi Singida, ulale. Kama jua limeshaanza kushuka, au mmoja wenu hajisikii vizuri, lala Dodoma; hapo ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa pamoja na hospitali ya rufaa ya mkoa. Kesho yake, kutoka Singida, mteremko wa Sekenke utaupita mchana, na kwa njia ya Igunga, Nzega na Shinyanga utaingia Mwanza alasiri. Msafiri wa Bukoba ana takribani kilomita 1,400 kwa jumla. Akiwa na mgonjwa, ahesabu usiku wa pili, Kahama panafaa.

Asiye na gari anaweza kufuata mpango huohuo kwa kukata tiketi mbili badala ya moja. Tangu mwaka 2024 anaweza pia kupanda treni ya SGR hadi Dodoma, ambako ndani ya behewa kuna choo na nafasi ya kunyoosha miguu, kisha akaendelea kwa basi baada ya kulala. Kwa mjamzito na kwa mgonjwa aliyetoka hospitalini, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza.

Mfuko wa dawa ukae na mgonjwa kitini, usiingie kwenye buti la basi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Iliyokwisha kuanza kutumika kwa kawaida hustahimili wiki nne hivi katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 30, lakini joto la buti au la dashibodi mchana huko Bahi na Manyoni huizidi nguvu. Ifungwe katika kitambaa chenye unyevu au chombo kinachohifadhi ubaridi, isigusane na barafu, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena. Mwenye kisukari awe na chakula chake na kitu chenye sukari, maana basi laweza kukwama saa tatu mahali pasipo na duka. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aende kliniki yake ya tiba na matunzo mapema, aeleze siku atakazokuwa safarini, apewe akiba ya kutosha. Mjamzito abebe kadi yake ya kliniki na aijue namba 115 ya mfumo wa m-mama, isiyolipiwa, kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Wazazi wa watoto waliozaliwa na kukulia Dar es Salaam wabebe vyandarua, kwa kuwa malaria ya Geita, Kagera na Kigoma ni kali kuliko waliyoizoea watoto hao. Na kila mmoja afunge mkanda, hata wa kiti cha nyuma, hata usiku anapolala.

Najua pingamizi litakalotolewa Msimbazi. Chumba cha kulala wageni ni fedha, na mzigo unaolala njiani ni mtaji uliolala. Kwa mchuuzi wa faida ndogo, usiku mmoja wa kulala unaweza kula faida ya mabegi mawili. Sitaki kulipuuza pingamizi hili, kwa sababu wanaolitoa ndio wanaoilisha nusu ya maduka ya mikoani. Lakini hesabu yao ina safu moja tupu. Haijaweka siku mbili za kulala dukani baada ya safari, dawa ya mgongo, shinikizo lililopanda kwa kurukwa dozi, wala uwezekano mdogo lakini halisi wa kutofika kabisa. Mzigo unaweza kutangulia kwa gari la mizigo usiku. Mwenye mzigo si lazima awe juu yake. Na ambaye kweli hawezi kulala njiani, basi alale kabla: apate saa saba za kitanda kabla ya kupanda basi la kurudi, asiunganishe mikesha miwili.

Pingamizi la pili hutoka kwetu wahudumu: kliniki imejaa, hakuna muda wa kuzungumzia safari. Swali lenyewe huchukua nusu dakika. “Kabla ya kurudi kwetu tena, utasafiri? Kwenda wapi, kwa chombo gani, utalala wapi?” Katika vituo vinavyohudumia watu wa Kariakoo, kama Mnazi Mmoja na Amana, swali hilo lingepaswa kuulizwa kila mgonjwa wa kudumu kuanzia mwezi Novemba. Jibu likiwa ndiyo, dozi hupangwa upya. Kwa baadhi ya wagonjwa, dawa ya kupunguza maji inaweza kusogezwa hadi watakapofika wanapolala, badala ya kurukwa kimyakimya. Lakini uamuzi huo ni wa tabibu na mgonjwa wakiwa pamoja, si wa mgonjwa peke yake akiwa stendi. Na anayemruhusu mgonjwa wa Kagera kutoka wodini aandike katika karatasi ya ruhusa atakavyosafiri, kama anavyoandika vidonge atakavyomeza.

Wenye mabasi nao wana sehemu yao. Vituo vya mapumziko vyenye vyoo safi, vilivyotangazwa mapema ili abiria ajue atasimama baada ya saa ngapi, vingewarudishia wengi ujasiri wa kunywa maji na kumeza dawa. LATRA, inayofuatilia mwendo wa mabasi kwa mitambo, inaweza kulifanya hilo kuwa sharti la ratiba ya masafa marefu.

Likizo ya mwisho wa mwaka hutangazwa na kalenda, haimshtukizi mtu. Msomaji mwenye ugonjwa wa kudumu anayekusudia kusafiri asisubiri aulizwe. Afike kliniki wiki mbili kabla akiwa na majibu matatu kichwani: siku ya kuondoka, chombo atakachopanda, na mji atakaolala. Hilo la tatu likikosa jibu, mazungumzo na daktari yaanzie hapo.