Kalamu Imeondolewa Kwao, Haikuondolewa Kwetu

Sifa zote njema zinamstahiki Allah Mtukufu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Maswahaba zake na kila anayefuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu, upo msiba ambao jamii zetu huuzika kwa haraka na kuusahau kwa haraka zaidi, nao ni kifo cha mtu aliyeishi na maradhi makubwa ya akili. Mkeka hukunjwa mapema, na wafiwa huambiwa: "Amepumzika, nanyi mmepumzika." Maneno hayo tuliyasikia Masagati tulipomzika shangazi yetu, Allah amrehemu. Wapo pia waliouliza kama inafaa kumswalia, ilhali miaka mingi hakuonekana akiswali.

Jawabu la swali hilo liko wazi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kalamu imeondolewa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrejee. Abu Daud amepokea kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliletewa mwanamke mwendawazimu aliyezini, akaamuru apigwe mawe. Sayyidna Ali (r.a.) akamkumbusha hukumu hiyo, na mwanamke yule akaachiwa. Ikiwa adhabu kubwa kama hiyo imemwondokea, ni nani atakayemnyima Muislamu swala ya jeneza kwa sababu ya swala zilizompita akiwa hana akili?

Marehemu hakuzaliwa na maradhi yale. Alikuwa mkulima wa mpunga, hodari wa kuamia ndege, na ndiye aliyewahifadhisha wadogo zake sura fupi za Juzuu Amma. Maradhi yalimwingia baada ya uzazi wake wa tatu. Mbuzi wakauzwa, magunia ya mpunga yakaishia kwa waganga, hirizi zikafungwa. Kisha akafungwa yeye mwenyewe, kamba mguuni, nyuma ya nyumba. Ilipita miaka kabla jamaa hawajamfikisha Mlimba na kumpandisha treni ya TAZARA hadi Ifakara, alikoanzishiwa sindano ya kila mwezi. Akili haikurejea yote, lakini kamba ilifunguliwa, naye akarudi shambani. Masika yalipokata barabara na sindano ikakosekana, maradhi yalirudi. Njia ilipopitika, alitulia. Hatukanushi kuwepo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Lakini jini anayengoja barabara ikatike ndipo aje, huyo ni wa kutiliwa shaka.

Watoto walimwita mwehu, na watu wazima wakacheka. Heshima ya kuitwa kwa jina la kifungua mimba wake ikapotea. Hapa tuitazame Sunna. Katika Sahihi Muslim, Anas (r.a.) anasimulia kwamba mwanamke mwenye kasoro katika akili yake alimwendea Mtume (s.a.w.) akisema ana haja naye. Mtume (s.a.w.) alimwita Mama Fulani, akamwachia achague njia anayoitaka, akasimama naye mpaka akamaliza haja yake. Kiongozi wa Umma alimpa jina la heshima na muda wake. Sisi tumeshindwa hata jina?

Ndugu Waislamu, kalamu iliyoondolewa kwa mgonjwa haikuondolewa kwetu. Tutaulizwa juu ya kamba, juu ya kicheko na juu ya dawa tuliyoichelewesha. Surat An-Nisaa, aya ya 5, inaamrisha wasioweza kusimamia mali walishwe, wavishwe na waambiwe maneno mema. Mirathi yao ni haki yao, si ngawira ya ndugu wenye akili timamu. Ruqya ya kisheria haigombani na hospitali. Waislamu wa Cairo walifungua Bimaristani ya Sultani Qalawun mwaka 1284, na ndani yake walikuwamo wagonjwa wa akili wakitibiwa. Nchini kwetu ipo Mirembe, Dodoma, na ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Jirani zetu wa Mahenge waliwaogopa wagonjwa wa kifafa, wakaona haya hata kuwagusa, mpaka Daktari Louise Jilek-Aall alipowafungulia kliniki, na wengi wakaona kwamba vidonge hupunguza kuanguka.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa maimamu na kamati za misikiti. Mwenye mgonjwa wa akili nyumbani asiachwe peke yake: achangiwe nauli ya kliniki, na jirani amshikie zamu ya kumwangalia mgonjwa ili naye alale. Mgonjwa akifa, aswaliwe kwa safu zilizojaa, atolewe sadaka, na atajwe kwa yale aliyoyafanya, si kwa maradhi yake pekee. Shangazi yetu hakuwa mzigo uliotuliwa. Alikuwa mama, na mwalimu wa kwanza wa Fatiha katika nyumba yetu.

Ewe Mola, wasamehe waliotutangulia, waponye wagonjwa wetu, na utujaalie subira na huruma katika kuwahudumia. Amin.

Wabillahi tawfiq.