Diski mpya na pompa ya zamani ni hatari

Land Cruiser za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani na freni za ngoma. Mwenye gari akifunga diski mbele na kuacha pompa ileile ya freni, amefanya kazi nusu. Mara nyingi pompa ya ngoma ina valvu ndogo inayobakiza presha kwenye bomba. Kwa hiyo plaketi hazikai huru: zinasugua, diski inapata moto, mafuta ya freni yanachemka, pedali inazama.

Kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, hapo ni kifo. Familia zilizokimbia vita hupanda na magodoro yao bila kujua. Makanika abadilishe pompa, atoe hewa, ajaribu gari likiwa tupu. Gurudumu likirudi na moto, asiruhusu mtu kupanda.