Elimu Iwe Ngao ya Lubumbashi

Tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji wa kundi la waasi la Bakata Katanga waliingia Lubumbashi, na damu ikamwagika mjini. Hatari nyingine huingia bila bunduki. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kuwa mkojo wa Wakatanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini ulikuwa na kobalti nyingi mno.

Ushirikiano huo ulitupa ushahidi. Sasa serikali ya jimbo, meya na makampuni ya madini wakae na watafiti hao, wapange namna ya kuwaonya, kuwahamisha na kuwatibu wananchi kabla balaa halijafika. Utafiti uliofungiwa kabatini haumkingi mtu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.